Pilau ya Mbotela Iliyozidi Chumvi

Jumamosi iliyopita niliitwa mtaa wa Mowlem, Nairobi, kwenye kikao cha familia. Ujumbe ulikuja kwa simu, katika kile kikundi chetu cha jamaa ambamo kwa kawaida hupitishwa picha za arusi na dua za Ijumaa: tukutane kwa Shangazi baada ya adhuhuri, tuzungumze habari ya jikoni. Binti yake mkubwa ndiye aliyeandika. Shangazi alikuwa amesahau sufuria ya maharagwe motoni, moshi ukajaa ngazi nzima, na majirani wa juu na chini wakaja kugonga mlango kwa fujo. Hakuna aliyeungua. Lakini binamu yangu alikuwa ameshaamua kwamba mama yake asipike tena, na kikao kilikuwa cha kutuarifu tu, kama vilivyo vikao vingi vya familia.

Sitakuficha, rafiki yangu. Nilipousoma ujumbe ule nilisema moyoni, malipo ni hapa hapa duniani. Kisha nikaona aibu kidogo, na aibu nayo ikapita.

Kwa kuwa nilitoka nyumbani mapema, nilishuka Barabara ya Jogoo nikaingia kwa miguu mtaa wa Mbotela, tulikoishi zamani. Ni miaka mingi sijakanyaga pale. Nyumba yetu ingalipo, mlango umepakwa rangi ya buluu, na pale palipokuwa jikoni kwetu pametobolewa dirisha kubwa na sasa ni kinyozi. Nilisimama nikinusa ile spiriti wanayopaka watu kisogoni, nikajaribu kunusa kitunguu kinachokaangwa. Pua haikunisaidia. Kijana mmoja mwenye mashine ya kunyolea mkononi akaniangalia akasema, "Niaje, mathe? Unatafuta nani hapa?" Nikamwambia simtafuti mtu.

Nilikuwa namtafuta Nyanya. Katika jikoni ile, pale panapokaa kiti cha kunyolea, ndipo palipokaa jiko lake la makaa, na mimi nilipokuwa mdogo nilidhani kila nyumba duniani ina bibi kizee mmoja aliyeshikamana na jiko kama kifuniko na chungu. Yeye alikuwa mtu wa Mombasa, ndoa ndiyo iliyomleta Nairobi, na babu aliyemleta akafa akamwacha na watoto, baridi ya Julai, na sufuria zake. Baba yangu alikuwa mtoto wake mkubwa, fundi wa makochi. Shangazi alikuwa kitinda mimba. Sisi tuliishi sote katika nyumba ile ndogo ya baraza la jiji, na aliyeitawala alikuwa Nyanya, kwa sababu aliyeshika mwiko ndiye aliyejua nani amekula, nani hajala, nani anajifanya mgonjwa ili asiende shule.

Siku za kununua nyama nilikuwa nikienda naye soko la nyama la Burma. Alitembea taratibu, buibui limekusanywa mkono mmoja, kikapu mkono wa pili, na mimi nikimfuata nikirukaruka. Wakati wa Ramadhani safari ile ilikuwa adhabu, kwa maana Burma haifungi. Moshi wa nyama choma ulitupokea tangu mbali, mafuta yakichuruzika juu ya makaa, wanaume wamekaa mezani wanatafuna wakicheka, na sisi tunapita katikati yao na midomo mikavu. Nyanya alikuwa akiniambia, "Pumua kwa mdomo, mwanangu, pua ndiyo inayokula saumu." Mchinjaji wake alimjua. Hakuthubutu kumtilia mfupa wa ziada, maana Nyanya alikuwa akiirudisha nyama palepale, bila hasira, na kusubiri mpaka akatiwe nyingine mbele ya wateja wote.

Ukuta mmoja na sisi alikaa mama mmoja kutoka Murang'a, mtu wa kanisani kila Jumapili, aliyefuma sweta za shule kwa mashine hapo mlangoni pake. Krrr, krrr, kutwa nzima. Ile sauti ndiyo iliyokuwa saa yetu. Jirani huyu alipika githeri ya mahindi na maharagwe, sisi tulipika mbaazi za nazi, na kilichopikwa huku kilivuka kwenda kule. Krismasi alikuwa akimleta kuku akiwa hai, ili Baba amchinje mwenyewe nasi tuweze kula naye. Hakuna aliyemfundisha. Aliona tu kwamba nyama yake haikuliwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akaja na kuku anapiga kelele kwapani.

Basi kulikuwa na desturi moja baina yao wawili ambayo sijaiona popote tena. Nyanya hakuonja chakula akiwa amefunga. Wapo masheikh wanaosema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuharibu saumu, naye alilijua hilo vizuri, lakini alisema ulimi wake anaujua, ukipewa ncha utataka shina. Sisi watoto hatukuaminiwa, kwa kuwa kwetu kila kitu kilikuwa kitamu. Kwa hiyo Nyanya alikuwa na ulimi wa kuazima. Kila alasiri ya Ramadhani alichota mchuzi kwa mwiko, akaumimina kwenye kisahani, akatoka nacho uani na kuita, "Jirani, hebu nipe ulimi wako." Mashine ilinyamaza. Jirani alionja, akafumba macho, tukangoja hukumu. "Mama, hii iko tu sawa." Au siku nyingine, "Ongeza kidogo, Mama, bado imelala." Nyanya hakubisha hata mara moja. Na futari ilipoiva, sahani ya kwanza kabisa ilikwenda kwa yule ambaye hakufunga.

Sasa nikwambie habari ya kuzeeka kwake, maana sitaki udhani namsingizia ujana. Nyanya alikuwa amebadilika, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulijua. Kabla ya kulipata jina langu alikuwa akipitia kwanza jina la Shangazi, la dada yangu, na la marehemu dada yake, kisha ananifikia amechoka. "We... wewe hapo, unajijua!" Aliingia chumbani akasimama, akatazama kitanda, akatoka, akakumbuka akiwa mlangoni, akarudi akicheka peke yake. Maziwa yalimwagika motoni mara moja au mbili. Hesabu za haraka haraka ziliacha kumjia, akawa anataka jambo aambiwe polepole na aambiwe moja. Zamani alikuwa akikaanga huku anasikiliza redio, anamkemea mtu uani na anasuka kichwa cha mtoto. Sasa, akianza kukaanga vitunguu, redio ilizimwa. Ukimsemesha alikuinulia kiganja: ngoja.

Lakini chakula kilikuwa kilekile. Hilo ndilo watu wazima wa nyumbani kwetu hawakuliona, ama waliliona wakaliacha. Mtu akizeeka hupungua upande mmoja, kisha kwa akili zake hujiongeza upande mwingine, kama kinyonga anayejua kwamba mbio hawezi. Nyanya alijitengenezea utaratibu. Kabla ya kuwasha moto alipanga kila kitu kwenye sinia moja kubwa la bati: vitunguu vilivyokatwa, thomu na tangawizi zilizotwangwa, bizari ya pilau, mdalasini, iliki, na mwisho kifuu cha nazi chenye chumvi aliyokwisha kuipima kwa kiganja chake. Kila kimoja kilitoka siniani kikaingia sufuriani kwa zamu yake. Sinia likiwa tupu, hakuna kilichosahaulika na hakuna kilichorudiwa. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo ilhali kopo la chumvi lipo pale rafuni. Akasema, "Kichwa changu kina safari nyingi siku hizi, mwanangu. Sinia halisafiri."

Tungalimwacha na sinia lake angalipika mpaka siku ya kufa. Naamini hivyo, na wewe ukitaka usiamini.

Ile Ramadhani ninayoisema, Shangazi alikuwa ameolewa si muda mrefu, ana mtoto wake wa kwanza, na Baba akawaalika wakwe wa Shangazi waje kufuturu. Ilikuwa heshima kubwa na hofu kubwa. Mama mkwe wa Shangazi alikuwa mwanamke wa kujitanda vizuri, aliyejua kusema jambo baya kwa sauti nzuri. Tulipiga deki tangu asubuhi. Mikeka iliazimwa. Mimi nilichagua mchele mpaka macho yakaniuma, nikitoa chuya na vijiwe, nikateka maji mferejini, nikapepea makaa. Shangazi alifika mapema kusaidia, na tangu alipoingia alikuwa akimfuata mama yake nyumanyuma akimuuliza, "Mama, umekumbuka tende? Mama, umekumbuka kuloweka mchele? Mama, una hakika?" Nyanya alimjibu mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akamwinulia kiganja.

Unajua pilau inavyopikwa. Nyama ikishaiva na viungo, supu yake ndiyo inayobeba chumvi yote, na lazima ionjwe kabla ya mchele kuingia, kwa kuwa mchele ukishaingia umeingia. Nyanya alitia chumvi ya kifuu, akakoroga, akachota, akatoka uani. Mashine ikanyamaza. Jirani akaonja, akafumba macho. "Mama, leo umepita kipimo," akasema, na alivyosema ilikuwa sifa. "Usiongeze kitu." Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika birika.

Adhana ya alasiri ikalia. Nyanya alipunguza makaa, akafunika sufuria, nami nikamfuata kummiminia maji ya udhu. Aliswali bila haraka, kama alivyofanya kila kitu. Aliporudi jikoni akalitazama sinia, lilikuwa tupu, akaumimina mchele.

Magharibi ilipoingia wageni walifungua kwa tende na uji wa pilipili manga, wakaswali, wakarudi mkekani. Masinia ya pilau yakaletwa yakitoa moshi. Nakumbuka harufu ile ilivyokuwa nzuri. Mama mkwe alitia tonge mdomoni, akatafuna kidogo, akanyoosha mkono kuchukua maji. Wengine nao wakachukua maji. Baba alionja na uso wake ukabadilika. Pilau ilikuwa chumvi tupu.

"Maskini," alisema mama mkwe kwa ile sauti yake nzuri. "Mama yenu amezeeka. Mpumzisheni, jamani. Umri ule si wa kuachiwa sufuria."

Nyanya alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alirudi ndani, akatoka na kile kifuu, akakiinua wakione. "Chumvi nimetia mara moja," alisema. "Kifuu hiki hapa. Jirani ameonja." Hakupaza sauti. Shangazi, aliyekuwa ameketi karibu na mama mkwe wake na mtoto mapajani, alisema kwa upole kabisa, "Mama, umesahau tu. Sote tunasahau."

Asubuhi yake jirani alikuja mpaka mlangoni kwetu, uzi wa sweta umemning'inia begani. Habari ilikuwa imepita ukutani usiku uleule. Akamwambia Baba, "Mimi nimeonja na mdomo yangu. Hiyo supu ilikuwa sawa kabisa. Kuna mtu ameongeza, na si Mama." Baba alimshukuru. Kisha akasema, "Lakini jirani, haya ni mambo ya nyumbani." Yule mama akarudi kwenye mashine yake. Kwa nini mtu ambaye ulimi wake tuliuamini Ramadhani nzima hakuaminiwa siku ile moja, sijui mpaka leo. Ama najua. Wageni walikuwa wameshasema, na kumsadiki jirani kulitaka tumtafute aliyefanya, na aliyefanya angalipatikana ndani. Mzee ndiye aliyekuwa karibu wa kubebeshwa lawama, na hakuwa na wa kumtetea ila Mkristo wa ukuta wa pili.

Hakuna aliyemkemea Nyanya. Ningefurahi lau wangemkemea, maana angejibu. Walimhurumia. Kwanza waliondoa pilau, ikawa yapikwa na Mama yangu, ambaye hakuipenda kazi ile wala hakuijua. Kisha Burma: asije akapotea. Kisha makaa: asije akaungua. Kisha kisu. Shangazi ndiye aliyekuwa mbele katika hayo yote. Kila alipokuja kututembelea aliuliza, "Mama amepumzika? Msimwachie kazi." Baba alimnunulia kiti, na kwa kuwa ni fundi alikitia godoro zuri la kitambaa chekundu, akakiweka barazani. "Keti, Mama. Umefanya kazi ya kutosha." Mwanamke aliyelea watoto wake kwa mikono miwili akakaa barazani na mikono yake miwili mapajani, akiangalia watu wakipita.

Nilikuwa mtoto, na nilichoona kwanza ni ile mikono. Ilikuwa ikitembea. Vidole vilichagua mchele ambao haupo. Siku moja nilichukua ungo nikamletea mchele barazani kwa siri, akaufanyia kazi kimya kimya, haraka kuliko mimi, akiutupa na kuudaka. Mama akatukuta akaupokonya. Hakuwa mbaya Mama, aliogopa maneno ya wifi yake.

Mwaka uliofuata Baba alimpeleka kwa daktari, kwa kuwa sasa alikuwa haongei sana. Mimi nilikuwa nao. Daktari alimuuliza maswali mengi, akampa karatasi achore, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, na Nyanya akasimama. Kisha daktari akamgeukia Baba. "Mama huyu ni mzima. Kasi imepungua, kama itakavyopungua yangu na yako. Mnampa kazi gani nyumbani?" Baba akajibu kwa fahari, "Hatumpi kazi yoyote, daktari. Tunamtunza." Daktari akatikisa kichwa. "Mrudishieni kazi zake. Zile alizozizoea." Tulipofika nyumbani Baba aliwaambia watu wote kwamba daktari amesema ni umri.

Na hapo ndipo uwongo ulipogeuka kweli, rafiki yangu, na hili ndilo linaloniuma kuliko chumvi yenyewe. Nyanya alikuwa akiijua Ijumaa kwa pilau, Jumamosi kwa kufua, mwisho wa mwezi kwa safari ya Burma. Walipomwondolea hivyo vyote, siku zikafanana. Akaanza kuuliza, "Leo Ijumaa?" nayo ni Jumanne. Watu wakatazamana: umeona? Akisimama kwenda jikoni kwa mazoea walimrudisha kwa kumshika mkono, kwa hiyo akaacha kusimama. Akiacha kusimama wakasema miguu imekwisha. Lile sinia lake likawa la kuanikia pilipili juu ya paa la choo. Mwishoni alikuwa hanipitii tena majina matatu kabla ya langu. Hakunitafuta jina hata moja.

Alikufa kabla sijamaliza shule ya msingi. Jirani alifunga mashine yake kwa siku tatu, mtu wa kanisani, akakaa matangani nasi kitambaa kichwani. Kwenye hitima walikodiwa wapishi wa kiume wenye sufuria kubwa, na kila aliyekula alisema pilau ya marehemu haina mfano. Wote walisema hivyo. Yule mama mkwe alisema hivyo. Shangazi alilia mpaka akazimia, wakammwagia maji. Na mimi nilikaa pembeni nikiwatazama wanavyomsifu kwa kile walichomnyima, na hasira iliyoniingia siku ile haijatoka, ila ilikuwa hasira isiyo na mwenyewe. Nilijua kuna mkono uliotia chumvi. Nilimshuku Mama. Nikamshuku dada yangu. Kwa muda, Mungu anisamehe, nilimshuku hata jirani. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, na mimi nimezunguka na kovu langu tangu udogo nikitafuta kisu.

Basi kutoka kwa kinyozi nikaenda zangu Mowlem. Orofa ya tatu, milango ya chuma, kila mlango umefungwa. Shangazi alikuwa sebuleni amevaa dera jipya, amenyooka kitini, macho makali. Ana umri ule aliokuwa nao Nyanya, na mkono wake wa kushoto anautumia kuushika wa kulia usitikisike. Walikuwapo wanawe na mimi. Binti yake mkubwa alizungumza vizuri, kwa heshima, neno baada ya neno. Mama, tunakupenda. Mama, ni kwa usalama wako. Mtungi wa gesi utaondoka leo, chakula kitakuwa kinaletwa asubuhi na jioni. Kijana wake wa mwisho akaongeza, "Mathe, si ni poa tu? Wewe ni kukaa na kuletewa. Mimi ningekuwa wewe ningeshukuru."

"Nilisahau sufuria moja," alisema Shangazi. "Wewe hujawahi kusahau sufuria?"

"Mama, wewe una umri."

"Umri! Nisikilizeni. Mimi si wa kusahau. Nakumbuka mambo ambayo ninyi hamkuwa mmezaliwa. Nakumbuka hata ile chumvi." Aligeuka, akaniangalia mimi, peke yangu. "Ile chumvi ya Mbotela niliitia mimi. Mama alikwenda kuswali. Nikaingia jikoni, nikasema moyoni huyu lazima amesahau, siku hizi anasahau, na mama mkwe anakuja. Nikachukua kopo rafuni nikatia. Yeye hakukosea. Alikuwa sawa, Mama, alikuwa sawa kabisa, na mlimwondoa jikoni bure. Kwa hiyo msinifanye mimi mlivyomfanya yeye."

Alisema "mlimwondoa". Nililisikia neno hilo. Miaka yote ile, mama yake yu hai barazani, amekaa katika kiti chekundu, Shangazi alikuwa na ukweli ule kinywani na hakuutema. Aliutoa siku ulipoweza kumwokolea jiko lake mwenyewe. Nilifungua mdomo nimwambie yote, yote niliyoyaweka tangu nina urefu wa meza.

Lakini binamu yangu alikuwa ameshamwinamia mama yake, anampapasa goti. "Chumvi gani, Mama?" alimuuliza polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto aliyeamka na homa. Kisha akatuinulia uso. "Mmeona? Ndiyo haya nayosema. Ameanza kuchanganya."

"Hachanganyi," nilisema. "Nilikuwapo. Anachosema ni kweli."

"Dada, tafadhali usimtie moyo."

"Nakwambia nilikuwapo! Supu ilionjwa na jirani. Alikuwa mbele yangu."

"Jirani gani?"

Nikatazama ile milango ya chuma ng'ambo ya korido. Jirani alisharudi Murang'a, akazikwa huko, na mashine yake sijui iko wapi. Hakuna mtu aliyebaki duniani wa kuitwa aseme nimeonja na mdomo yangu. Kijana wa mwisho alikuwa ameshaingia jikoni, tukasikia anafungua mpira wa gesi, tukamwona anatoka na mtungi begani. Shangazi aliufuata kwa macho mpaka mlangoni. Halafu akanigeukia, sauti imeshuka. "Wewe unaniamini?"

"Nakuamini, Shangazi."

Nilimwamini. Nilikuwa nimemngojea mwenye mkono ule wa chumvi maisha yangu yote, nimejiandaa kumchukia kama inavyotakiwa, bila kumhurumia. Na siku alipojitokeza kwa hiari yake akasema ni mimi, walimpangusa midomo wakaniambia hajui anachosema.